Nilivyogeuka Mteja Kwenye Mgahawa Ninakoosha Vyombo

Chekeni kwanza mmalize, ndipo nianze, maana mkinicheka katikati nitanyamaza na mkasa wenyewe utaishia hapo. Aibu hii ni yangu, hakuna aliyenisukuma, na watu wa sokoni hapa Moshi wanaijua yote, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu kabla haijaongezwa chumvi.

Naosha vyombo kwa Mama Aneth, mwenye mgahawa karibu na soko. Niliteremka kutoka Kibosho baada ya kumaliza darasa la saba na kukaa nyumbani muda nikikatia ng'ombe majani, nikapewa sinki la nyuma, na nikalipenda kwa sababu sahani hazimuulizi mtu maswali. Mimi ni mtu wa aibu, mteja akinisalimia kwa sauti kubwa naitikia kwa kichwa.

Siku hiyo ilikuwa saa ya chakula cha mchana, mgahawa umejaa, mara Hosea, kaka anayehudumia mezani, akaingia jikoni mbio.

"Mama, watu wa mfuko wa pensheni wako duka la jirani! Wanauliza wafanyakazi mmoja mmoja!"

Mama Aneth akaweka mwiko chini. Kwa wasiojua (na mimi nilikuwa mmoja wao), sheria inamtaka mwajiri aandikishe kila aliyemwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na kila mwezi apeleke michango, fungu lake na fungu la mfanyakazi, ili mtu akizeeka asianze kuhesabu ndugu wa kumlisha. Mama alikuwa amemwandikisha Hosea peke yake. Sisi watatu wengine, yaani mimi na wasichana wawili wanaomenya ndizi, alituita wasaidizi, na aliamini kabisa kwamba msaidizi si mfanyakazi. Aliamini, lakini aliogopa.

"Tokeni mlango wa nyuma, mzunguke sokoni mpaka waondoke," alisema. "Wakiwakuta hapa nalipishwa faini, nikilipa faini nafunga, na sote tunarudi nyumbani kumenya ndizi zetu wenyewe."

Wasichana wakatoka. Na mimi ningetoka, nisingekuwa na cha kuwahadithia leo, ila sufuria la ndizi nyama lilikuwa limefunuliwa na ile harufu ikanishika miguu (sisi wa nyuma hula ugali na maharage, si vibaya, lakini ni kila siku).

"Mama, si nikae tu mezani kama mteja?"

Neno hilo lilitoka tumboni, halikupita kichwani. Mama akanitazama, akasikia wageni wanabisha hodi mlangoni, akanivua aproni na kunivika koti la mumewe ambalo mikono yake ilinifunika mpaka vidole. "Kaa. Ila usifungue mdomo!"

Nikakaa. Hosea akaja amejiinamisha kama anahudumia mkuu wa mkoa.

"Karibu, bosi. Leo tukupe nini?"

"Hosea, acha," nikanong'ona.

"Bosi anataka ndizi nyama, nyama nyingi!" akapaza sauti.

Sasa angalieni balaa. Meza zote zilikuwa na watu, yangu tu ndiyo ilikuwa na viti vitupu, na wale maofisa wawili, mama mmoja mwenye miwani na kijana mwenye begi, wakasema watakula kwanza ndipo waanze kazi. Wakakaa kwangu!

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu mdomo uliofungwa haujui kuacha kumwamkia mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu," yule mama wa miwani akaitikia. "Unafanya kazi gani?"

Ningesema mkulima, yangeishia hapo. Nikasema biashara. Akauliza ya nini, nikasema maharage, maana ndiyo kitu ninachokiona zaidi maishani. Akauliza nayatoa wapi, nikasema Tarakea, ambako sijawahi kufika ila nimesikia wateja wakikutaja.

Nyuma yangu kiti kikalia. "Tarakea ipi, mangi?" Baba mmoja mnene mwenye kofia alikuwa amegeuka mzima mzima. "Mimi mwenyewe ni wa Tarakea! Gunia unauzaje?"

Bei pekee niliyoijua ni ya debe, kwa sababu ndiyo Mama hunituma kununua, basi nikaitaja hiyo hiyo.

"Gunia zima kwa bei ya debe?"

"Ndiyo."

"Niwekee kumi!"

"Na mimi matano!" akadakia mama aliyekuwa dirishani, anayepika shuleni. "Tena tutachukua kila mwezi!"

Mimi naitikia kwa kichwa tu, huku na huku, jasho linatiririka ndani ya koti. Yule ofisa akanitazama juu ya miwani. "Kijana, kwa bei hiyo utafilisika kabla ya Jumapili. Na mizigo yote hiyo unabeba mwenyewe, au una wafanyakazi?"

"Ninao watatu."

"Umewaandikisha kwenye mfuko?"

Jamani, mimi muosha vyombo nimegeuka mwajiri! Nikatafuta jibu, nikapata la Mama Aneth. "Hao ni wasaidizi tu."

Akaweka kijiko chini. "Kwenye sheria hakuna wasaidizi tu! Anakufanyia kazi, unamlipa, huyo ni mfanyakazi wako, awe na mkataba wa karatasi au wa mdomo. Unamwandikisha. Na fungu lako linatoka mfukoni mwako, usilichomoe kwenye mshahara wake. Hao watoto wa watu wakivunjika mgongo na magunia yako, utawatazama wewe?"

"Vijana wa siku hizi wanapenda hela kuliko watu," mama wa dirishani akasema, na meza nzima ya nyuma ikaguna. Nikaona kichwa cha Mama Aneth kwenye kidirisha cha jikoni, anasikia kila neno, amenyong'onyea.

Hapo ndipo Hosea akapiga kelele kutoka jikoni: "Sahani zimeisha!"

Bila shaka zimeisha, nani ameziosha? Lakini mimi sikufikiri hivyo, sikufikiri chochote, miguu ilisimama yenyewe. Nikachukua sahani yangu, nikachukua ya kijana wa begi, nikachukua ya yule mama wa miwani ikiwa bado na nyama, nikazipanga mkononi, nikafuta meza kwa mkono wa koti, nikaenda moja kwa moja kwenye sinki na kufungua maji.

Kisha nikasikia sauti ya Tarakea: "Mangi, magunia yangu yanaenda wapi na sahani?"

Kile kicheko sitakieleza. Mimi nimeshika sponji, nawaza wale wasichana wawili wanaorudishwa kwao kwa sababu ya tumbo langu, na mgahawa wa watu unafungwa. Yule ofisa akaingia jikoni.

"Nyama yangu nilikuwa bado naila," akaniambia. Kisha akamgeukia Mama Aneth. "Dada, huyu ni nani?"

Mama akafuta mikono, akanivua lile koti la mumewe.

"Ni mfanyakazi wangu," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. "Na wengine wawili wako sokoni. Hosea, kawaite."

Wakakaa pale pale jikoni. Mama akauliza kama michango ya nyuma anaweza kuilipa kidogo kidogo, akaambiwa aende ofisini wapange, na kwamba kufunga mgahawa hakumsaidii mtu, ila akificha watu tena wataongea lugha nyingine. Mimi nikapewa fomu niandike jina. Naandika polepole, mikono imelowa, karatasi inajikunja, watu wamejaa mlangoni wananitazama.

"Mwacheni," Hosea akasema, "anaandika risiti ya magunia kumi."

Basi nimeapa. Kiti cha mteja pale kwetu sikalii tena, hata siku yangu ya mapumziko. Nikitaka ndizi nyama navuka barabara, nakula kwa watu wasionijua. Juzi nilikwenda, nikala vizuri, nikanyamaza vizuri, nikaja kushtuka nimesimama kwenye sinki lao na sahani tatu mkononi. Mama mwenye mgahawa akaniuliza kama natafuta kazi, na mimi, pamoja na aibu yangu yote, nikamuuliza kwanza kama anaandikisha watu.