Barua Mbili za Hospitali Kubwa

Bi Kokuberwa alishika mimba yake ya saba mwishoni mwa mwaka 1953, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Mumewe, Adelard, alikuwa karani wa reli, na walikaa Temeke, mlango wa tatu kutoka kwetu. Hakumwambia mtu. Alishonesha gauni pana akadai ni kwa sababu ya joto, na Jumapili kanisani alihamia benchi la nyuma.

Alijificha kwa sababu moja. Binti yake wa kwanza, Apolonia, aliyeolewa na mwalimu Didas wa Buguruni, alikuja mwezi wa Januari na habari kwamba naye ni mjamzito. Kwa watu wa rika la Kokuberwa kule Bukoba, mama akishaoza binti alitarajiwa kumwachia huyo binti kazi ya kuzaa. Mama na mwanawe kubeba mimba pamoja lilikuwa jambo la kuchekwa, na aliyechekwa zaidi alikuwa mama.

Mimba ya Apolonia ikawa sherehe. Wanawake wa Kihaya waliokaa Ilala na Keko walimletea mikungu ya ndizi. Adelard, mtu asiyependa maneno mengi, alikuwa akisimama nje ya kanisa baada ya misa na kuwaeleza wenzake kwamba mwaka huu ataitwa babu. Siku tumbo la mkewe liliposhindikana kufichwa, wale wale wanawake waliliangalia, wakaangaliana, wakauliza bei ya mchele. Hakuna aliyempa pole wala hongera. Kokuberwa alinieleza haya mwenyewe, miaka mitatu baadaye, bila kuona haya. Alisema alikuwa akihesabu mikungu inayoingia kwa ajili ya binti yake, na kila mkungu ulimkaa kooni.

Mwanzoni mwa Mei, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza, Apolonia alihamia kwa mama yake ili atunzwe mpaka ajifungue. Kwa hiyo mjamzito mmoja akawa anampikia mwenzake. Apolonia alikuwa binti mwema, ila alizoea kudekezwa. Alilala mchana, aliomba maji ya kuoga yenye uvuguvugu, na alikataa dagaa kwa sababu harufu ilimtibua. Kokuberwa alikula dagaa wale peke yake, kisha akaosha vyombo vya wote.

Jumanne ya tarehe 11 Mei walikwenda pamoja kliniki ya wajawazito. Mkunga wa pale aliitwa Demetria, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyejaza kadi kwa maandishi madogo kama mbegu za ufuta. Utaratibu wake ulikuwa huu. Ukutani palichorwa mstari wa rangi nyekundu. Mwanamke ambaye kichwa chake hakikuufikia mstari alihesabiwa kuwa na nyonga nyembamba, akapewa barua ya kwenda kujifungulia hospitali kubwa ya mjini, palipokuwa na daktari na chumba cha kupasulia. Barua hiyo ilipewa pia mwanamke aliyepita miaka arobaini, au aliyekwisha kuzaa mara tano, au aliyewahi kutokwa na damu nyingi. Wengine wote walielekezwa nyumba ndogo ya uzazi ya masista, mwendo wa nusu saa kwa miguu, mahali safi penye mapazia, lakini pasipo na daktari.

Apolonia alisimama ukutani. Alikuwa mfupi, kichwa chake kikaishia vidole viwili chini ya mstari. Akapewa barua.

Ikaja zamu ya Kokuberwa. Wanawake kama ishirini walikuwa kwenye benchi nyuma yake, na binti yake alisimama pembeni, barua mkononi. Demetria aliuliza umri.

"Thelathini na nne," alisema Kokuberwa.

Demetria alimtazama Apolonia, akaitazama kadi ya Apolonia iliyoandikwa miaka ishirini, akamrudia mama. "Kwa hiyo huyu ulimzaa ukiwa na miaka kumi na minne."

"Sie kwetu tuliolewa mapema."

Kwenye benchi mtu alikohoa. Demetria akauliza amezaa mara ngapi. Kokuberwa akajibu mara tatu. Alikuwa na watoto watatu hai, Apolonia na wavulana wawili waliokuwa shule ya misheni huko Bukoba, na kwa desturi ya kwao waliokufa hawakutajwa mbele za watu. Nao walikuwa watatu. Gaudensia alizikwa Tabora, Pelagia alizikwa Morogoro, na wa mwisho, ambaye hakuwahi kubatizwa, alizikwa pia Morogoro mwaka 1945. Katika uzazi huo wa mwisho Kokuberwa alitokwa na damu mpaka akawa hasikii sauti za watu. Hayo yote aliyameza. Mkunga akaandika, akampa kadi, akamwelekeza kwa masista.

Adelard alipoiona barua ya Apolonia aliisoma mara mbili, na ya pili aliisoma kwa sauti. Ilisema binti afike wiki mbili kabla ya siku zake, akae katika nyumba ya kungojea iliyokuwa ndani ya uwanja wa hospitali. Jumamosi ile Adelard alikwenda mjini akarudi na sanduku la bati la rangi ya buluu lenye kufuli, na ndani yake blanketi, kikombe cha bati chenye mfuniko, na kanga pea moja. Mkewe alimuuliza yeye atachukua nini kwenda kwa masista.

"Wewe ni mzoefu," alisema Adelard. "Na pale ni karibu."

Alilisema hilo kwa nia njema, nadhani. Hakujua kadi ya mkewe imeandikwaje, wala hakuuliza, kwa kuwa kuuliza mambo ya mimba ile kulimfanya aone aibu. Damu ya Morogoro alikuwa ameisikia juu juu tu. Wakati ule alikuwa safarini Dodoma kwa kazi.

Wiki nne zilizofuata sanduku lile lilikaa sebuleni. Wageni waliokuja walioneshwa. Apolonia alilifungua, akakunjua blanketi, akalikunja tena. Miguu ya Kokuberwa ilianza kuvimba na akawa anachoka kabla ya saa nne asubuhi. Aliogopa. Alinieleza kwamba alikuwa akiikumbuka Morogoro kila alipoinama kuchochea moto, na kwamba mara mbili alijifunga kanga kwenda kwa Demetria kusema ukweli, akaishia sokoni. Kusema ukweli kulikuwa na maana ya kukiri kwamba ni mzee, na kukiri mbele ya binti ambaye tayari kila mtu alimtazama yeye tu. Akaamua kwamba kuna wanawake wengi wanaozaa salama wakiwa na miaka arobaini na mitatu. Akajaribu kuliamini hilo.

Jumanne ya tarehe 8 Juni, jioni, walikuwa uani wakimenya ndizi. Kokuberwa alisema mgongo unamuuma tofauti na mimba zilizopita. Apolonia alikuwa akila chungwa.

"Wewe nenda tu kwa masista, mama, watakuimbia nyimbo," alisema akicheka. "Mie daktari ananingoja mjini. Ameshaandikiwa jina langu."

Ulikuwa utani. Apolonia aliapa baadaye kwamba ulikuwa utani, na mimi namwamini. Mama yake alimaliza kumenya, akapika, akawapakulia wote.

Kesho yake, siku isiyo ya wajawazito, Kokuberwa alitoa chini ya godoro bahasha yenye vyeti vya ubatizo, akaenda kliniki peke yake. Demetria alikuwa akipanga chupa kabatini.

"Nimekuja kusahihisha kadi," alisema Kokuberwa.

"Umri au idadi?"

"Vyote viwili."

Demetria alivuta kiti, akaitafuta kadi yake. Kokuberwa akasema umri wake. Kisha akataja watoto mmoja mmoja, walio hai na waliokufa, mwaka na mji, akiweka cheti mezani kwa kila aliyebatizwa. Alipofika kwa yule wa 1945 hakuwa na cheti cha kuweka, akaeleza damu. Alisema ilikuwa mara ya kwanza kuwataja wote kwa mfuatano, na alishangaa kwamba ilichukua muda mfupi hivyo.

Mkunga aliandika mpaka mwisho. Kisha akavua miwani. "Ningekupeleka kwa masista, na damu ingekuja, wangefanya nini pale na mkasi wao? Kwa nini umenificha, na kwa nini unaniambia leo?"

Kokuberwa angeweza kusema kwamba ameogopa, na isingekuwa uongo. Lakini alikuwa amechoka kudanganya.

"Yule mtoto nimemzaa mimi," alisema. "Kwa nini yeye apate barua, mie nisipate?"

Demetria alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaandika barua ya pili, na kwa kuwa mimba ya mama ilikuwa imetangulia ile ya binti kwa wiki mbili na zaidi, tarehe ya kufika ikawa ya mapema: Jumatatu ya tarehe 21 Juni.

Nyumbani hapakuwa na shangwe. Adelard aliisoma barua, safari hii kimya, akafika mahali palipoandikwa uzazi wa saba na hatari ya kutokwa damu, akakaa chini. Aliomba radhi kwa namna yake, yaani alikwenda kuchota maji mwenyewe, majirani wakimwona. Ugomvi ulikuja tarehe 21 yenyewe, teksi ikiwa nje. Kokuberwa alitoka chumbani, akayaondoa mavazi ya Apolonia kwenye sanduku la buluu, akayaweka kitandani kwa mpangilio, akatia ya kwake.

"Mama, hilo ni langu."

"Anayetangulia ndiye anayesafiri nalo," alisema Kokuberwa. "Wewe utachukua kikapu."

Apolonia alilia. Alipofika nyumba ya kungojea tarehe 5 Julai akiwa na kikapu, alimkuta mama yake amepata kitanda cha dirishani, amezungukwa na wanawake wa Kizaramo na Kimakonde waliomwita dada, na hakuna mmoja aliyejua kwamba ana binti aliyeolewa. Apolonia alisema "Shikamoo, mama" kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. Wale wanawake waligeuka wote.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, Kokuberwa alijifungua mtoto wa kiume. Damu ikaja, kama ya Morogoro. Lakini mara hii daktari alikuwa mlango wa pili, na wauguzi walikuwa wamesoma barua. Walimwahi. Daktari akasema lazima aongezwe damu, na ndugu waje wapimwe. Adelard alikuja mbio kutoka ofisini, akapimwa, damu yake haikulingana. Apolonia hakuruhusiwa kupimwa. Aliyebaki alikuwa Didas, ambaye kipindi chake cha adhuhuri kilikuwa kimekwisha akaja kumwona mkewe.

Didas alikuwa mkwe wa kufuata adabu. Tangu aoe hakuwahi kukaa chumba kimoja na mama mkwe wake. Kila mara alimwamkia akiwa mlangoni, macho chini, akaondoka. Siku hiyo alipimwa, damu ikalingana. Muuguzi alipomwambia alale, aliuliza kama inafaa, damu ya mkwe. Muuguzi akamjibu kwamba chupa haina ukoo. Akalala, akatoa.

Jioni ile Kokuberwa alianza kusikia tena sauti za watu. Ya kwanza aliyoitambua ilikuwa ya Apolonia, nje ya pazia, akimsema mumewe.

"Mie bado sijazaa, wewe damu unaimalizia kwa mama. Nikihitaji mie, utatoa nini? Chaki?"

Didas alijibu jambo ambalo halikusikika. Kokuberwa alisema alitaka kucheka, tumbo likamkataza. Alisema pia kwamba alilala vizuri baada ya hapo, kwa sababu kwa mara ya kwanza mwaka ule mtu fulani alikuwa akimwonea wivu yeye.

Apolonia alijifungua tarehe 22 Julai, mtoto wa kike, kwa saa nne tu, bila kisu wala mshono, ufupi wake wote usidhuru kitu. Mama yake, aliyekuwa bado amelazwa, alifurahi, alimbeba mjukuu, akamwambia binti amezaa vizuri. Baadaye alimnong'oneza muuguzi kwamba mtoto wa kike huwa mdogo, ndiyo maana.

Watoto walibatizwa pamoja Jumapili ya tarehe 15 Agosti. Wanawake wa Ilala na Keko walikuja wote, na safari hii walileta ndizi kwa nyumba mbili. Katekista aliwapanga kwa kadiri alivyoona sawa: Apolonia mbele, kwa kuwa ni uzao wa kwanza, na mama yake nyuma. Kokuberwa, bado mwembamba na mwenye macho makubwa kwa kupungukiwa damu, alimsogelea katekista na kumweleza taratibu kwamba mtoto wake, Kornelio, ni mjomba wa yule mwingine, na kwamba mjomba hawezi kumfuata mpwa wake kama mkia.

Katekista alimtazama Adelard. Adelard alitazama viatu vyake. Apolonia alisema, bila kugeuka, kwamba mama apite tu, maana asipopita leo mambo haya yatasemwa mpaka watoto waote ndevu.

"Wako wa kike," alisema Kokuberwa, akapita mbele.