Ua la Deo Kizuizini

Mchana ule mjini Bukavu hatukuwa na habari ya vita. Shughuli yetu ilikuwa unga. Deo, mume wangu, alikaa nyuma ya jukwaa la ukumbi wa parokia, nami nikampaka usoni unga wa muhogo uliochanganywa na mafuta ya mgando, mpaka akawa mweupe pe. Tuliigiza mchezo tulioutoa kwenye filamu ya zamani ya Kifaransa, kuhusu mwigizaji asiyesema neno, aliyempenda mwenzake wa jukwaani asiweze kumwambia. Deo, ambaye nyumbani hakunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni, ndiye aliyepewa nafasi ya bubu. Kikundi kizima kilimcheka, mimi nikiwa wa kwanza.

Risasi zilianza kabla ya sehemu ya pili. Watu wakaruka madirishani. Tulitoka na nguo za mchezo. Bomba la parokia lilikuwa kavu, na mafuta yale hayatoki kwa kitambaa kikavu. Deo alijisugua kwa mkono wa shati njia nzima. Unga ulihama mahali tu.

Niliogopa kwa sababu moja. Wapiganaji wa msituni walijipaka majivu na dawa usoni, wakiamini risasi hazitawapata. Askari wa serikali waliwatambua kwa weupe huo.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari walimvuta Deo pembeni.

"Huyu ni wa msituni," alisema mmoja.

Nikamwambia ni mchezo, ni unga wa ugali, aonje. Hakuonja.

"Kama ni teatre, fanya tuone," akamwambia Deo.

Deo akafanya. Alichuma ua ambalo halikuwapo, akalinusa, akapiga chafya bila sauti, akanipa. Mikono yake ilitulia. Nikalipokea.

Walicheka. Mmoja alijishika tumbo. Nikajua tumepona.

Kisha wakaniambia nipite. Yeye abaki.

Nilingoja ng'ambo ya kizuizi mpaka wakanifukuza kwa mtutu wa bunduki. Deo sikumwona tena, wala kaburi lake silijui.

Sasa naishi mtaa wa Parkdale, Toronto, huko Kanada, na binti yetu Furaha, ambaye siku ile alikuwa tumboni. Juzi aliitafuta filamu ile kwenye kompyuta, tukaitazama kitandani kwa sababu sebuleni kulikuwa na baridi. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Aliuliza kama baba yake aliigiza vizuri kama yule. Nikasema ndiyo. Nikaona jibu halijamtosha, nikamweleza yote, mara ya kwanza tangu azaliwe.

Alilia, akasema wale askari walikuwa wanyama.

Sikumkatalia, ila usiku ule nilikaa macho. Mnyama asingelielewa lile ua. Wale walilielewa, mpaka na chafya yake, na nyuso zao zililainika, nikaziona. Nilikuwa naamini mtu akishakuchekesha hutaweza kumuua. Hilo nalo nililiacha pale kizuizini, na ni gumu kumweleza mtoto kuliko habari ya kaburi lisilojulikana. Walimpenda mume wangu, hata kama ni kidogo, halafu wakabaki naye.