Bi Nasriya binti Mahfoudh, Shahidi wa Nasaba

Alizaliwa Wete, kisiwani Pemba, mwaka 1894, katika shamba la mikarafuu lililopandwa na bibi yake kwa mikono yake mwenyewe. Bibi huyo, Masouda, aliondoka Maskati mwaka 1866, baada ya kipindupindu kumchukua mumewe. Alivuka bahari na watoto wawili wachanga wa kiume, gunia la tende na jembe, naye hajapata hata kuuona mkarafuu. Wanaume wa Wete walimcheka miaka saba, mpaka miti ilipozaa, wakaja kumwomba miche. Akawapa. Nasriya alikulia miguuni pake, na kwake alipata mambo mawili: Kurani, na nasaba za jamaa wote waliovuka, nani kamzaa nani, bila kukosea. Alikabidhiwa pia siri moja. Kati ya wale watoto wawili, Masouda alimzaa mmoja tu. Wa pili, Mahfoudh, baba yake Nasriya, aliokotwa chini ya lango la Maskati mwaka ule wa maradhi, na wazazi wake hawakujulikana. "Nimempa kila kitu," Masouda alimwambia mjukuu wake alipokuwa akikata roho, "ila jina la mume wangu, maana si langu kuligawa. Siku ukiulizwa, sema." Ilipita zaidi ya nusu karne kabla hajaulizwa.

Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, Bi Nasriya, mjane asiye na mtoto, alifika Maskati akiwa na miaka sabini. Alifuatana na Ishaq, mjukuu wa kaka yake, kijana wa miaka ishirini na tatu aliyemlea mwenyewe na aliyekuwa ndiye jamaa yake pekee aliyebaki. Wakati ule, aliyetoka Unguja na Pemba hakupewa ruhusa ya kukaa wala kazi bila barua ya shehe wa kabila, na Shehe Yaarub wa Matrah hakuandika barua bila shahidi wa nasaba. Siku tisa mfululizo Bi Nasriya alikaa nyuma ya pazia barazani, akizitaja nasaba nyumba baada ya nyumba, na watu wakatoka na barua zao wakilia kwa furaha. Siku ya kumi akaitwa Ishaq. Kijana alikuja na kanzu mpya na moyo mweupe, kwani ikiwa shahidi ni bibi yako, wasiwasi wa nini?

"Bi Nasriya," aliuliza Shehe, "huyu ni wetu?"

Ishaq alisikia tasbihi ikisimama nyuma ya pazia.

"Si wenu, Shehe. Baba wa babu yake aliokotwa. Bibi Masouda kamlea, hakumzaa."

Barua haikuandikwa. Njiani Ishaq alimwambia, "Bibi, ungenyamaza tu."

"Nnajua, mwanangu. Na wale wa siku tisa, ushahidi wao ungekuwa na thamani gani? Mungu kasema tuwaite watu kwa baba zao, na tusiowajua baba zao ni ndugu zetu katika dini. Undugu huo haukutoshi?"

Haukumtosha. Kwa miaka sita waliishi nje ya ukuta wa mji, katika kibanda cha makuti ya mtende, kwa dhamana ya Shehe, ambaye aliona haya kuwafukuza. Ishaq alibeba mizigo bandarini. Alimlisha bibi yake, alimsalimia asubuhi na jioni, basi. Alimpenda na alimkasirikia, yote mawili kwa pamoja, na Bi Nasriya aliyapokea yote mawili bila kulalamika. Alisomesha wasichana Kurani, na jina lake likakua. Ikawa akisema neno, Shehe haulizi shahidi wa pili, na nyumba nyingi zilizokosa mtetezi zilipata barua kwa ulimi wake. Wapo wanaoapa kwamba kisima cha chumvi kilicho karibu na kibanda kiligeuka kitamu siku alipotia ndoo yake. Mwandishi wa habari hizi ameyaonja maji hayo, na chumvi bado ipo.

Mwaka 1970 Sultani mpya alishika utawala, mambo yakageuka nchini, na waliotoka ng'ambo wakaitwa kuandikishwa. Ishaq alipofika mezani, Shehe Yaarub, mzee sasa, alikuwa ameketi kando ya karani. Alimwinamia Ishaq. "Sema ni wetu, mwanangu. Ntatia sahihi. Mmekwisha teseka vya kutosha."

Barua aliyoililia Ishaq miaka sita ilikuwa mbele yake, ikimngojea neno moja tu.

"Sina kabila, Shehe," alisema. "Baba wa babu yangu aliokotwa chini ya lango la Maskati. Karani aandike hivyo. Kwetu ni hapa."

Shehe akatia sahihi chini ya maneno hayo hayo.

Nyumbani, Bi Nasriya alikuwa kitandani, hajiwezi.

"Wamekuuliza?"

"Wameniuliza, Bibi."

"Ukasema?"

"Nimesema."

Akamshika mkono, na Ishaq akakaa naye hivyo mpaka adhana ya alasiri, akimsimulia yaliyopita mezani neno kwa neno. Bi Nasriya alifariki Ijumaa ya wiki ile, na mazishi yake yalijaa watoto na wajukuu wa watu aliowashuhudia. Anayetaka baraka zake asihangaike kwenda kisimani. Angoje siku atakayoulizwa.