Kengele Haina Ndugu

Profesa akipewa kipaza sauti, jambo la kwanza ni kukigongagonga kwa kidole kama anayechagua tikiti maji sokoni. Jambo la pili ni kuahidi: "Ndugu zangu, sitawachosha." Mimi ni fundi wa vipaza sauti katika ukumbi mkubwa wa chuo kikuu, na ahadi hiyo nimeisikia mpaka ikitamkwa tu natafuta pa kuegemeza mgongo. Ndiyo maana nampenda Mama Kengele. Bila yeye ningekuwa bado nimekaa pale nasikiliza mhadhara wa mwaka juzi.

Mama Kengele ndiye msimamizi wa ukumbi. Viti, maji ya wageni, kitambaa cha meza kuu, ufunguo wa choo cha nyuma, vyote viko chini yake. Ni mwanamke mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, na mwendo wake ni wa mtu aliyeacha chungu jikoni. Kabla yake mihadhara ya wazi ilikuwa haina mwisho. Watu wa mitaani walikuja mara moja wakakoma. Waliobaki ni wanafunzi waliolazimishwa, nao walitoroka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, simu sikioni, wakijifanya wameitwa nyumbani.

Basi siku moja akaja na kengele ya shaba aliyoitoa kwake, akaiweka kwenye meza yetu pembeni mwa jukwaa, akatangaza utaratibu. Kengele ya kwanza, msemaji amalizie. Kengele ya pili, fundi anazima kipaza sauti. "Hakuna marefu yasiyo na ncha," alisema, "na ncha ndiyo hii."

Maprofesa walicheka. Wakaendelea kucheka mpaka mkuu wa chuo mwenyewe alipozimiwa katikati ya neno "maendeleo". Nilibonyeza kitufe nikiwaza nitawaambia nini watoto wangu nikifukuzwa kazi. Mkuu wa chuo alitutazama, akatabasamu kwa taabu, akaketi. Tangu siku ile watu wakaanza kurudi: kinyozi wa mtaa wa pili, wauguzi waliotoka zamu, mafundi cherehani. Walijua watasikia jambo la maana na bado watakikuta chakula cha jioni kina moto.

Sasa, chuoni kwetu anayepandishwa kuwa profesa lazima atoe mhadhara mmoja mbele ya umma. Mwaka huu zamu ikamwangukia mdogo wake Mama Kengele, bingwa wa wadudu. Kichwa cha mhadhara kilikuwa "Mchwa: Mharibifu au Fundi?" Mtoto wa watu ana akili za kugawia jirani, ila kufupisha hajui. Ukimwuliza njia ya kwenda sokoni, atakuanzia na nani aliyefyeka hiyo njia.

Mama yao alifika mapema na kundi la majirani, amevaa gauni jipya la zambarau. Akakataa mstari wa pili, akaketi wa mbele kabisa, mkoba mapajani. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Hicho kidude chako kizima?" akaniuliza.

"Kizima, mama."

"Maana nimekuja kusikia jina langu. Tangu nizaliwe halijawahi kusemwa kwenye kipaza sauti. Hata siku ya harusi yangu walikodi kibovu."

Alisema kwa mzaha, lakini vidole vyake havikutulia juu ya mkoba. Ni vidole vilivyofua nguo za watu mpaka ada ya shule ya mabinti wawili ikatimia. Nikarudi mezani moyo umenijaa, nikamweleza Mama Kengele. Alikuwa anajua.

"Shukrani ameziweka ukurasa wa mwisho," akasema. "Nimemwambia azitangulize. Ananijibu, 'Dada, shukrani huja mwisho, ndivyo ilivyo.' Haya."

"Hafiki huko," nikasema.

"Najua hafiki."

"Sikiliza, dada. Kitufe hiki huwa kinakwama. Kinaweza kukwama leo."

Akavaa miwani yake ndipo akanitazama. "Kikikwama leo, fundi, kila profesa atataka kimkwamie. Sheria ni msumeno."

Mhadhara ulikuwa mtamu, sitasema uongo. Tuliingizwa ndani ya kichuguu tukaonyeshwa vyumba, njia za hewa, hata mahali wanapolima chakula chao. Kinyozi alikuwa ameinama mbele mdomo wazi. Kengele ya kwanza ikalia ndiyo kwanza tunamfikia malkia. Profesa akainua kidole, "Nafika, nafika," kisha akakumbuka kisa kingine kuhusu malkia. Mimi nilikuwa nasaga meno. Pita hapo, mwana wewe, ruka hizo karatasi! Hakuruka.

Mama Kengele alimtazama mama yake kule mbele, akaitazama saa ya ukutani.

"Dada, bado kidogo," nikamnong'oneza.

"Mkono kwenye kitufe."

Akagonga. Nikazima. Midomo ya profesa ikaendelea kucheza bila sauti, kisha ikafunga. Karatasi moja ilibaki juu ya meza yake, haijaguswa. Watu wakapiga makofi, na katikati ya makofi nikamwona bibi, mama yao, anamwinamia jirani yake, anauliza kitu. Jirani akatikisa kichwa. Bibi akaanza kupiga makofi naye, polepole.

Nilikasirika, jamani. Nilitaka kumwambia Mama Kengele kwamba kuna haki na kuna roho mbaya. Lakini alikuwa anapanga chupa za maji zilizokwisha kupangwa, na miwani yake ilikuwa imefanya ukungu.

Mwenyekiti akafungua maswali, akakumbusha kwamba hata swali lina kengele yake. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa gauni la zambarau. Nikampelekea kipaza sauti mbio. Bibi akakipokea, akakigongagonga kwa kidole.

"Mimi ndiye mama yake," akaanza. "Magoti haya mnayoyaona yananiuma, lakini nimesema nitakuja. Huyu tangu mdogo alikuwa ananijazia wadudu ndani. Kwenye sukari, wadudu. Kwenye viatu vya marehemu baba yake, wadudu. Nikamchapa, hakukoma. Sasa siku moja..."

Kengele ikalia.

Bibi akageuka mzima mzima. "Wewe! Ukinigongea tena hicho kitu nakufuata hapo hapo ulipo!"

Ukumbi uliangua kicheko mpaka mkuu wa chuo akafuta machozi. Mama Kengele akasimama, mikono mbele, kama binti aliyeitwa na mzazi.

"Swali, mama," akasema taratibu. "Uliza swali."

"Swali langu ndilo hili. Hiyo karatasi iliyobaki, imeandikwa nini?"

Profesa akaichukua ile karatasi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasema kwa ufupi. Alimshukuru dada yake, aliyekuwa anamsikiliza masomo huku anapika, na akirefusha maelezo humgongea mwiko kwenye sufuria: sijaelewa, anza tena. Kisha akasema kwamba baada ya viboko vingi, siku moja alirudi kutoka shule akakuta bati tupu la mafuta juu ya kitanda chake, mfuniko umetobolewa matundu kwa msumari, ili wadudu wapate hewa. Hakuna aliyesema lolote nyumbani. "Maabara yangu ya kwanza ilitengenezwa na mama yangu," akasema, na akalitaja jina la mama huyo, la kwake, la baba yake na la babu yake, moja baada ya jingine.

Bibi alilisikia lote amesimama. Kisha akamgeukia binti yake mkubwa.

"Haya, gonga sasa. Nimeshasikia."

Mama Kengele akagonga. Lakini mimi kitufe nilikisahau kabisa, kwa hiyo ukumbi mzima ulimsikia bibi anavyokaa taratibu na kujisemea, "Lile bati lenyewe bado ninalo."