Wamuyu wa Ishiara, Daktari Aliyeishinda Aibu ya Wazee

Alizaliwa Ishiara, katika nyanda kavu za Embu, mwaka 1941, mwaka ambao mtama ulikataa na mbuzi wakala paa za nyumba. Babake, Katekista Kivuti, alimpa mtoto jina la mama yake yeye mwenyewe, Wamuyu, kama ilivyo desturi yetu. Na tangu siku hiyo, hata alipomtuma kuni, alimwita "mama". Alisoma akiwa na njaa, na njaa, kama wengi wetu tujuavyo, ni mwalimu asiyetoa likizo. Mwaka 1969 alirudi kutoka Kampala akiwa daktari, siku ambazo wengi hapa hawakuwa wamewahi kumwona daktari aliyefunga kitambaa kichwani.

Wito wake ulianza na kosa, wala tusilifiche, maana mtakatifu asiye na kosa hatusaidii kitu. Zamani zile mzee akiumwa alipewa dawa ya kichwa na kuambiwa, "Huo ni uzee tu, nenda ukapumzike." Wamuyu aliukataa mtindo huo. Mwaka 1974, katika hospitali moja ya misheni, aliletewa Mzee Njue, aliyezibwa mkojo. Kwa haraka ya kumwokoa, akaamuru avuliwe nguo pale wodini, mbele ya wauguzi wa rika la binti zake. Mzee akajifunga blanketi, akatoka, akaenda kwake, na siku ya nne akafa. Wamuyu alikwenda kumwomba msamaha mjane wake, Ciakuthii. Mama yule alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa. "Daktari, ulitaka kumponya au kumvua?"

"Kumponya, mama."

"Basi ungeuliza kwanza yeye ni nani kwako."

Miaka miwili baadaye ugonjwa uleule ulimpata Katekista Kivuti mwenyewe. Siku mbili hakukojoa hata tone, tumbo likawa gumu kama ngoma, na barabara ya Embu ilikuwa imekatwa na mto. Daktari alikuwa mmoja tu, binti yake. Mzee akauvuta mlango, akajifungia ndani. "Rudi. Hamu, mwana wa Nuhu, aliona uchi wa babake, na laana yake unaijua. Afadhali nife." Wamuyu alijua kwamba akimlazimisha, atamzika kama alivyozikwa Njue. Akasimama mlangoni, mpira wa kutolea mkojo mkononi, akasali kimya. Kisha akauliza, "Kivuti, siku niliyozaliwa uliniita nani?"

"Mama."

"Basi ni mama amekuja kumwogesha mtoto wake. Nilikuona kabla hujaijua aibu. Lala hapo!"

Mzee akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, akaufungua mlango. Kazi ilipokwisha, alisema, "Mama, mikono yako ina baridi kama ya Timau kule mlimani." Akaishi miaka tisa zaidi, akihubiri, na hakuna mahubiri yake yaliyokuwa mafupi.

Mwaka 1977 Wamuyu alifungua zahanati ya wazee Ishiara, ya kwanza tuliyowahi kuiona. Daktari mwenzake alimcheka: "Umefungua karakana ya magari mabovu?" Akajibu, "Ndiyo, na lako liko njiani." Pale mzee hakuguswa kabla ya kuulizwa jina lake, ukoo wake, na nani kwao anaruhusiwa kumwogesha. Akatafutiwa muuguzi aliyeitwa kwa jina la mamake, au aliye wa rika la wajukuu wake, kwa kuwa kwetu mjukuu ni mtani wa babu, na palipo na utani aibu hukosa kiti. Wazee waliokuwa wakifia kitandani kwa kuficha maradhi walianza kuja kwa miguu yao.

Watu husimulia pia ajabu ya Bibi Cicily wa Laare, ambaye wakaza wana wake walisema amerukwa na akili. Wamuyu alimwosha masikio, ikatoka nta ya miaka. Bibi akawageukia: "Enhe, lile neno la jana, lirudieni sasa." Walipopiga kelele kuwa ni muujiza, daktari alisema muujiza ni kwamba mtu ameinama kutazama.

Alilala katika Bwana mwaka 2011, na kaburi lake halikosi maua, hata wakati wa kiangazi. Sisi watu wa Ishiara tunajivuna kwa ajili yake, na Mungu atusamehe. Lakini fahari isiyo na kazi ni kelele. Ndugu msomaji, kwenu yuko mzee. Jumamosi hii chukua beseni la maji ya uvuguvugu, piga magoti, umkate kucha za miguu. Hapo ndipo utakapojua ni muda gani umepita bila mtu kuinama mbele yake.