Kucha Hazikati Mstari

Miaka tisa alikuwa akiitwa Kucha. Jina hilo hakupewa na mama yake, na wala halikuwa utani wa kuchekea. Lilibandikwa, kama kupe, na aliyelibandika ni Chapchap, mshika mkasi, shemeji wa tajiri mwenye saluni ya mbwa.

Ilikuwa hivi. Aliletwa mbwa mweupe, manyoya ya kwapani yameshikana donge moja, gumu kama zulia la mlangoni. Donge la namna hiyo linavuta ngozi juu, na ngozi ya kwapa ya mbwa ni nyepesi kama ganda la kitunguu. Ukitazama huoni nywele zinaishia wapi na mnyama anaanzia wapi. Mwenye akili anachukua kitana, anachambua taratibu. Chapchap akachukua mkasi. Kacha! Donge likatoka, na kipande cha ngozi ndani yake. Akamwagia poda, akamsukumia huyu mama tunayemsema, siku hiyo alikuwa anasaidia pale karoni.

"Muoshe chapchap, mwenyewe anamngoja."

Maji yakagusa, poda ikaenda zake, damu ikaja. Na mbwa hajalia hata vizuri, Chapchap keshapiga kelele: "Oneni! Oneni kucha zake!"

Tajiri akaja mbio, akatazama vidole vya mama vimejaa povu. Kweli alikuwa na kucha, kidogo tu, kama mwanamke yeyote. Jeraha lenyewe lilikuwa limenyooka kama mdomo wa mfuko wa shati. Kucha zinakwaruza, hazikati mstari. Hata kipofu angelipapasa akajua, na mama alisema hivyohivyo. Lakini tajiri alikuwa anamwogopa mke wake, na Chapchap ni kaka wa mke. Basi kesi ikaisha.

"Kuanzia leo wewe ni wa karoni tu," akasema. "Mezani usisogee."

Na yeye alikuwa wa mezani, tena mkono wake ulikuwa unasifiwa. Siku ileile akazikata kucha mpaka kwenye nyama, na hajazifuga tena. Si kwamba alikubali kosa. Alikataa tu kumpa mtu ushahidi.

Mume wake akimwambia, "Si uache hiyo kazi?" anamjibu, "Niache, halafu uongo ubaki na kazi?"

Akabaki. Na pale karoni akafanya mambo yake. Akiletewa mbwa mwenye madonge hamloweshi kwanza, ng'o. "Nywele zilizoshikana zikilowa zinakaza kama fundo la kamba," anasema, "halafu mtaziletea mkasi." Anazishika shinani kwa vidole viwili ili kitana kisivute ngozi, anaanzia nchani, anachambua zikiwa kavu. Maji anayapima kwa kiwiko. Mbwa wake walikuwa wanatoka hawana hata doa jekundu, na wateja wakaanza kumuulizia yule mama wa karoni. Wenzake wa mezani nao wakawa wanamjia kichinichini.

"Mama, hii mashine ya kunyolea imeshakuwa ya moto?"

"Iweke kwenye kifundo chako cha mkono. Ikikuunguza wewe, mbwa ana tumbo la bati?"

Chapchap hakuuliza kitu. Alikuwa na haraka, na mbio za sakafuni mwisho wake ni ukingoni.

Ukingo ukafika asubuhi moja. Chapchap kaingia na mbwa wa rangi ya kahawia, kamfunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Kwao nyumba nzima walimpapasa tu, hakuna aliyemchana manyoya. Madonge nyuma ya masikio, madonge kwapani, madonge kwenye kinena. Chapchap akaipita meza yake, akaenda moja kwa moja karoni.

"Dada," akasema.

Dada! Miaka tisa Kucha, leo dada.

"Meza yako ile pale," mama akamwambia, wala hakugeuka.

"Huyu ni wa binti yangu. Akipata hata mchubuko, nyumbani sina pa kukaa."

"Mkasi wako umeota kutu?"

"Dada, tafadhali. Wewe una mkono."

"Mkono upi? Huu wenye kucha?" Akageuka, akainua vidole vyote kumi, povu linachuruzika mpaka kwenye viwiko. Mezani mashine zikazimwa moja moja. Tajiri akatoa kichwa ofisini.

"Kuna nini, shemeji?"

"Anataka nimtengeneze mbwa wake," mama akadakia, "nami naogopa. Kucha zangu zilimchana mbwa wa watu. Si ndivyo, Chapchap? Sema, nimshike au nisimshike?"

Mbwa alikuwa anatetemeka ndani ya taulo. Chapchap akatazama sakafu kama aliyeangusha kitu.

"Hazikuwa kucha," akanong'ona.

"Sisikii, mashine zinapiga kelele." Hakuna mashine iliyokuwa inalia.

"Ulikuwa mkasi! Mkasi wangu mimi!"

Tajiri akatoka ofisini. "Mama, mbona hukusema siku ile?"

"Nilisema. Wewe ulikuwa unamsikiliza mkeo, na hata hakuwepo."

Mmoja wa wenzake akajifanya anakohoa. Mama akajifuta mikono, akambeba mbwa mpaka mezani. Alichambua saa nzima na nusu, donge kwa donge, shina limebanwa vidoleni. Mashine akaiweka kwanza kwenye kifundo chake, kisha ndipo tumboni kwa mbwa. Kila ilipopata joto aliizima, akaingoja ipoe, huku anaimba puani. Mbwa akaacha kutetemeka, akapiga miayo. Ngozi nzima, haina hata alama.

"Kesho urudi mezani," tajiri akasema.

"Kesho? Mimi sasa hivi nimesimama wapi?"

Chapchap akasogea karibu, sauti ndogo. "Dada, basi umenisamehe?"

"Kusamehe ni kazi nyingine, sikuajiriwa nayo. Mshike kichwa vizuri, nimalizie masikio."

Akamshika.