Pointi za Ndege na Shahidi wa Mama

Biashara ya pamba ilipofunguliwa na kampuni binafsi zikaruhusiwa kununua, mimi niliyekuwa nimekaa miaka mingi katika ushirika nikijiona sina maana, ghafla nikawa mtu wa kutafutwa. Kazi yangu ilikuwa kupima ubora wa pamba. Unavuta nyuzi kwa vidole, unaangalia urefu, weupe na takataka, halafu unasema robota hili ni daraja gani. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, huko Bariadi, na ofisi Dar es Salaam, na wakubwa wa Dar hawakukubali daraja lolote mpaka waishike pamba wenyewe. Basi kila msimu nilikuwa mtu wa kwenda Mwanza kupanda ndege na begi la sampuli, nakaa Dar siku mbili, narudi.

Mashirika binafsi ya ndege nayo yalikuwa yameanza kunyang'anyana abiria. Moja likatoa kadi ya pointi. Nilijaza fomu yao kwa sababu dada wa kaunta alikuwa amekwisha kuniwekea kalamu mkononi, kisha nikasahau. Baada ya miaka miwili ikanijia barua kwenye sanduku la posta, karatasi nzuri ngumu, ikisema pointi zangu zinatosha tiketi mbili za bure, kwenda na kurudi, na nisipozitumia kabla ya mwaka kwisha zitafutwa.

Mke wangu alikuwa na mtoto mchanga na hakutaka kusikia habari ya ndege. Alisema nimpeleke mama.

Mama alikuwa akiishi kijijini upande wa Lagangabilili, ambako leo kuna ofisi za wilaya lakini wakati ule tulikuwa bado chini ya Bariadi, na mkoa wetu ukiitwa Shinyanga. Alikuwa mjane, mkulima wa pamba na mpunga, mama wa kigango anayejulikana kwa sauti yake kubwa kwenye kwaya na nje ya kwaya. Nilipomweleza kuhusu pointi alinisikiliza huku akipepeta mchele. Akauliza kama nimeelewa vizuri, kwamba hawa watu wananipa zawadi kwa sababu nilikaa kwenye kiti. Nikasema ndiyo. Akauliza wanaokaa kwenye viti vya basi nao wanapewa nini. Nikasema hawapewi. Akapepeta kidogo, kisha akasema atakwenda, lakini ile tiketi ya pili si yangu.

Nilidhani anataka kumchukua mmoja wa wadogo zake. Kumbe alikuwa amefikiri mbali zaidi.

"Nikirudi nikasema nimepanda ndege, nani ataniamini?" aliniuliza. "Wewe ni mwanangu, utanitetea. Wadogo zangu watanitetea. Nataka mtu ambaye hajawahi kunisemea neno zuri."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu, na kila mtu kijijini alimfahamu. Alikuwa jirani yetu, nyumba ya pili kutoka kwetu, mama wa makamo kama yeye. Walikuwa hawasemeshani mwaka wa tisa. Chanzo kilikuwa sufuria kubwa ambayo mama aliiazima kutoka kwake siku ya komunyo ya mdogo wangu, ikarudi na mfuniko usio wake. Tangu hapo walizungumza kwa kupitia watu, hata wakiwa wamekaa benchi moja kanisani.

Nilitumwa mimi. Nilimkuta yule mama akianika michembe, vipande vya viazi vitamu, kwenye mwamba, nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, nikaeleza shida yangu nikiangalia chini. Aligeuza vipande kadhaa. Kisha akataka kujua kama ni kweli mama amesema anamhitaji yeye, kwa maneno hayohayo. Nikasema amemhitaji kama shahidi. Akataka nirudie. Nikarudia. Akasema atakwenda, si kwa ajili ya mama, ila kwa ajili ya ukweli.

Kupata tiketi zenyewe ilikuwa kazi nyingine. Nilipiga simu Mwanza kutoka ofisini na dada wa shirika la ndege akanisomea masharti. Tiketi za pointi hazitumiki Ijumaa, hazitumiki Jumatatu, wala karibu na Krismasi, wala shule zikifungwa. Zilizobaki zilikuwa siku ambazo mtu mwenye akili zake hasafiri. Tena lazima wasafiri wawe wa familia yangu. Akaniuliza wa kwanza ni nani kwangu.

"Mama," nikasema.

"Na wa pili?"

"Mama."

Nikasikia kalamu imesimama. Akauliza kama nina mama wawili. Nilimwambia kwetu Usukumani mtu ana mama wengi, rika zima la mama yake. Kalamu ikaendelea, kisha akasema kompyuta yake haina tatizo na hilo.

Vitambulisho hawakuwa navyo, hivyo mtendaji wa kijiji aliwaandikia barua zenye picha na muhuri. Kwenye barua ya mama aliandika kwamba anasafiri kwa sababu za kifamilia. Kwenye ya jirani aliandika kwamba anasafiri kwenda kushuhudia.

Kampuni ilikuwa na safari ya sampuli wiki hiyohiyo, kwa hiyo nilipanda nao ndege moja, mimi kwa tiketi ya ofisi. Uwanjani Mwanza mashine ya kukagua mizigo ilisimama kwenye mfuko wa jirani. Askari aliufungua, akakuta michembe, kama kilo tatu hivi. Alikuwa kijana wa Kisukuma. Aliuliza kwa lugha ya nyumbani ni ya wapi, akaambiwa, akachukua vipande viwili, akashukuru, "Wabeja, mayu," na mzigo ukapita.

Wao walipewa viti vya nyuma pamoja, mimi mbele. Hadi hapo walikuwa bado hawajasemezana. Mama alipohitaji kumwambia jirani asogee, aliniambia mimi, nami nikamwambia jirani, na mhudumu wa ndege akatuangalia wote watatu. Kisha ndege ikaanza kukimbia. Nikageuka nyuma kuona wanaendeleaje. Mama alikuwa ameketi wima, macho mbele, kama anapigwa picha. Jirani alikuwa amejifunika khanga kichwa kizima, ameishika kwa mikono miwili chini ya kidevu. Niligeuka tena juu ya Shinyanga, nikamkuta vilevile. Nikageuka juu ya Dodoma, vilevile. Khanga ilitoka magurudumu yalipogusa ardhi ya Dar.

Mama alikuwa amepandwa na hasira kiasi kwamba alivunja mwiko wa miaka tisa. Alimgeukia na kumwambia uso kwa uso, "Nimekuleta uone, wewe umejifunika."

Jirani akajibu kwa utulivu kwamba alikuwa akisali, na kama si sala zake tusingefika.

Walikaa siku nne kwa mdogo wangu wa kike, Ukonga, wakisubiri siku ambayo pointi zinaruhusiwa kurudi. Bahari hawakutaka hata kupelekwa kuiona. Walisema hawakuja kwa ajili ya maji. Muda wote walibishana habari ya ile khanga, na mdogo wangu alinipigia simu ofisini Bariadi, maana mimi nilikaa siku zangu mbili nikarudi, kuniuliza nimemletea nini. Mwisho walikubaliana kwamba wakati wa kurudi jirani atakaa na macho wazi mwanzo hadi mwisho, na mama atamchunga.

Alitimiza. Mama mwenyewe alikiri kwamba hakupepesa. Lakini siku hiyo mawingu yalikuwa mazito tangu Dar hadi Mwanza, na dirishani hakukuwa na kitu kingine ila weupe.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu wa kigango waliwazunguka nje ya kanisa. Mama alieleza kwanza, akamalizia kwa kusema mwulizeni huyu. Wakamwuliza. Jirani yetu alikuwa mtu wa kweli kupita kiasi, na hilo ndilo mama alilosahau kulifikiria. Alisema wakati wa kwenda waliingizwa kwenye nyumba ndefu, ikanguruma na kutetemeka sana, na yeye alikuwa gizani. Wakati wa kurudi ikanguruma tena na kutetemeka, na alipoangalia nje aliona pamba tupu, nyeupe, imejaa kila mahali.

Watu walitazamana. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyesema kile ambacho wengine walikuwa wamekwisha kukiona.

"Hiyo ni jineri," alisema.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi sokoni. Ikathibitishwa palepale kwamba mimi, mfanyakazi wa jineri, nimewafungia mama zangu wawili ndani ya jineri ya Bariadi siku kadhaa, nikawaambia wanaruka. Kwa wiki tatu kila aliyekutana na mama alimwuliza hali ya hewa huko angani ikoje, na kama alikutana na marobota. Mimi mwenyewe nilipopita kununua soda dukani niliulizwa nauli ya jineri ni kiasi gani.

Jambo la ajabu ni kwamba jirani alikasirika kuliko mama. Alikuwa amesema ukweli mtupu na watu wakamfanya mjinga. Akaanza kuja kwetu jioni, na wawili hao wakakaa nje wakipanga namna ya kuwajibu watu, mmoja akidai aliona mto, mwingine akidai ulikuwa mshono wa kiti.

Waliokolewa na padri. Alikuja kigangoni Jumapili ya mavuno, na wakati wa matoleo akaletewa kikapu cha bahasha. Alikuwa akizibariki, mara akaishika moja, akaigeuza, akaisoma, mabega yakaanza kumtikisika. Padri alikuwa amesoma nje na alikuwa amepanda ndege nyingi. Aliuliza imetoka kwa nani. Mama akasimama na kusema ni yake, aliipata mfukoni mwa kiti cha mbele yake, karatasi imara isiyopitisha maji, akaona inafaa kwa sadaka.

Padri akawaambia waumini kwamba mfuko ule hutolewa ndani ya ndege tu, kwa ajili ya abiria wanaotaka kutapika. Akasema Mungu hupokea matoleo ya kila namna, akauweka pamoja na mengine.

Hapo ndipo kijiji kilipoamini. Mwalimu wa kwaya alikwenda mwenyewe kumpa mama mkono, na mtendaji akanisimamisha kuniuliza kama mtu anayepanda treni pale Malampaka naye anaweza kuwekewa pointi, maana yeye amepanda sana.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda nyumbani na barua nyingine ya shirika. Ilisema ile safari ya sampuli imeniongezea pointi, lakini hazijatosha hata tiketi moja. Niliwakuta mama na jirani kwenye mkeka wakibangua karanga na kugombana kwa sauti ya juu. Hawakuwa na habari na barua yangu. Walitaka niamue nani alikaa dirishani wakati wa kwenda. Nilisema nilikuwa mbele, sikuona.

"Basi nenda ukatuletee maji," mama akasema, na jirani akaongeza kwamba yawe ya mtungini, si ya ndoo.